Sauti iliyosema "nimefika" kwenye jiwe la watoto, Pasiansi

Wakuu, habari za humu ndani. Najua wengi wenu ni umri wa wanangu na wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Marahaba. Asiyetoa anajijua.

Nimesoma mpaka la nne, nikaolewa. Nikikosea herufi, au nikichanganya l na r kama tunavyochanganya sisi watu wa huku, wewe soma uelewe. Sijaja kufanya mtihani.

Na wale wazee wa kusema "chai hii", kwamba natunga, semeni mapema muondoke. Ninayoandika nimeyasikia kwa masikio yangu, jua linawaka, na si mimi peke yangu niliyesikia. Sinywi pombe. Dawa ninayokunywa ni ya presha.

Kilichonileta ni hiki. Juzi humu mtu aliweka video ya watoto wa Ulaya wanaserereka kwenye theluji. Wamekalia vibao, wamevaa kofia ngumu, wanashuka mlima wanacheka. Mkaanza kuandika kwamba watoto wetu mambo hayo wangeyapatia wapi.

Wanayo.

Watoto wa Mwanza wanaserereka toka zamani. Theluji hatuna, mawe tunayo. Theluji ukiiangukia unaloa. Jiwe ukiliangukia unavunjika.

Halafu ile video ninyi mliwaangalia watoto. Mimi niliwaangalia wale wazazi waliosimama chini kabisa, mwisho wa mteremko, wanasubiri. Nilipowaona nikasema kumbe wenzetu wanajua. Nitawaeleza wanajua nini.

Nakaa Pasiansi, upande wa mawe. Nyumba yangu imeegemea jiwe, na nyuma ya nyumba mteremko unashuka mpaka matete, halafu ziwa.

Naishi na binti yangu Minza na wanawe watatu. Minza anapika chakula stendi ya Nyegezi, anaondoka alfajiri, anarudi giza linaingia. Kwa hiyo watoto ni wangu mchana kutwa.

Wa kwanza ni mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Anayewafuata ni wa kiume, Shija, maana kwetu anayezaliwa baada ya mapacha ndiye Shija, hatuhangaiki kutafuta majina. Mapacha wanafanana mpaka kukohoa. Sauti zao hata mama yao zinampoteza. Wao wenyewe haziwapotezi. Likumbukeni hilo.

Nyuma ya nyumba kuna jiwe watoto wanaliita Lami. Nimelikuta nilipoolewa pale. Ni refu, limelala mteremko, na katikati yake lina mstari mweusi unaong'aa, laini kama kioo. Ule mstari haukuchongwa na mtu. Ni makalio ya watoto, wa sasa na waliokwisha kuwa wazee, na wengine wamekwisha kufa.

Unachukua dumu la mafuta ya kula, lile la lita ishirini, unalipasua upande mmoja, unafunga kamba ya neti mbele. Mtoto anakaa ndani, anashika kamba, anashuka. Shwaaa, mpaka chini kwenye mchanga.

Chini kuna mambo mawili. Kulia kuna mpera. Kushoto kuna mwanya kati ya mawe mawili, mweusi, unaingia ndani kwenda huko chini. Mpira ukiingia mule umekwenda. Tulishawahi kuingiza fito ndefu kutafuta mwisho, hatukuupata.

Sasa mtaniuliza, bibi, kwa nini uliwaacha wacheze hapo.

Mtoto ukimkataza jiwe la nyumbani anakwenda kwenye jiwe la watu, lile la karibu na barabara, bodaboda zinapita. Mimi sikukataza. Niliweka sheria.

Kukaa, siyo kulala. Miguu mbele, siyo kichwa. Kamba unashika, hufungi mkononi wala shingoni. Mvua ikinyesha, hata ikiwa imekwisha, hakuna. Na mmoja mmoja. Anayeshuka akifika chini anatoka haraka, anakwenda kusimama chini ya mpera, halafu anapaza sauti: "Nimefika!"

Wa juu akisikia nimefika, ndipo anashuka. Asiposikia, hashuki. Hata akae mpaka jioni.

Sheria hiyo walikuja kuishika watoto wa mtaa mzima. Nilikuwa naisikia toka jikoni. Shwaaa. Nimefika. Shwaaa. Nimefika. Ilikuwa kama saa ya ukutani. Nikiisikia najua watoto wazima, naendelea na mboga zangu.

Kuna mmoja naona keshaandika "bibi fupisha". Sifupishi. Kama una haraka nenda kwenye uzi wa mpira.

Siku moja nikiwa namenya viazi nikasikia kitu hakikukaa sawa. Nimefika imetangulia, shwaaa ikafuata.

Nikasimamisha kisu. Nikangoja. Mtoto mwingine akashuka, na tena ile sauti ikasema nimefika wakati dumu bado liko njiani, nalisikia kabisa linakwangua jiwe. Halafu likafika, mtoto akasema nimefika ya kwake.

Jirani yangu Mama Koku alikuwa amekaa hapo kwangu. Ni Mhaya, nesi mstaafu, mtu wa Bukoba na kanisa lake la Kilutheri. Nikamwambia, umesikia.

"Mwangwi huo, Mama Minza. Mawe yanarudisha sauti."

"Mwangwi unatangulia?"

"Ninyi Wasukuma bwana, kila jiwe lazima liwe na mwenyewe."

"Na ninyi Wahaya kila kitu mmekwishakisoma, hata ambacho hakijaandikwa."

Tukacheka, tukaendelea na viazi.

Jioni nikiwa namwogesha Shija nikamuuliza, nani anapiga kelele nimefika kabla hajafika?

Akaniambia, kama mtu anayeeleza habari za jirani, "Yule wa kwenye mwanya. Yeye huwa anafika kabla yetu."

"Umemwona?"

"Hapana. Ila anaanza kujua sauti zetu."

Nilimwaga maji yaliyobaki kichwani mwake nikamwambia anyamaze, asiwatie wenzake woga. Mtoto akiwa na woga juu ya jiwe ndipo anapoanguka. Mapacha nao niliwauliza, wakatazamana, wakasema wanasikia lakini hawajali, maana wanajuana.

Kuanzia siku hiyo nikaamua kusimama nao mwenyewe. Nikasimama juu. Juu ndiko kwenye fujo, wanasukumana, wanagombea zamu. Nikaona mtu mzima mahali pake ni pale penye kelele.

Wakuu, hapo ndipo nilipokosea, na mzazi yeyote wa hapa angekosea hivyo hivyo.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa likizo, alasiri, jiwe kavu, joto. Watoto wa mtaani wengi walikuwa wamekwenda kwenye mafundisho ya kipaimara, kwangu walikuwepo watatu wangu tu. Upepo ulikuwa umekatika. Ziwa limetulia, halina hata mkunjo.

Wasiokaa huku niwaeleze. Kuna wadudu wadogo wanatoka ziwani, wengi mno, wanapanda juu kama moshi. Ukiwa mbali unaweza kudhani kuna moto majini. Hawaumi. Lakini wakikufikia wanaingia puani, machoni, na ukifungua mdomo unawatafuna.

Niliuona moshi wao mbali. Nikajua wataelekea upande mwingine kama kawaida yao.

Kulwa akakaa kwenye dumu. Nikamwambia nenda. Akashuka. Alipopita tu pale jiwe linapotoa tumbo, katikati, lile wingu likatufikia. Sijui lilikujaje kwa haraka vile bila upepo.

Chini pakapotea. Mpera sikuuona, mchanga sikuuona. Mlio wao ni kama watu wengi wananong'ona mbali. Nikajifunika kanga mdomoni, nikamvuta Shija karibu. Yeye alikuwa amekwisha kukaa kwenye dumu lake, la njano, kamba ya bluu, amelishika anasubiri.

Tukasikiliza.

Kimya.

Halafu chini huko, sauti safi kabisa, haina kikohozi, haina wadudu:

"Nimefika."

Sauti ya Kulwa. Ningeapa mbele ya padri.

Nikamwachia Shija bega. Nikasema nenda.

Doto alikuwa nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama mtu anayekuambia umevaa kanga upande mbaya:

"Bibi, huyo siyo Kulwa."

Shija alikuwa ameanza kuondoka. Nilirusha mkono. Sikumpata yeye, nilipata kola ya shati. Kola ikakatika nusu, nusu ikabaki, nikamvuta kwa hiyo nusu iliyobaki mpaka nikaangukia mgongo, yeye juu yangu. Dumu likaondoka tupu.

Tukalisikia linashuka. Shwaaa. Katikati likagonga kitu, likaruka, likaendelea. Halafu mlio ukakatika.

Shija nilikuwa nimemkumbatia, mdomo wake umegandamizwa hapa begani kwangu, pumzi yake naisikia kwenye ngozi.

Na chini, kwenye wingu, sauti ya Shija ikasema:

"Nimefika."

Wakuu, sina la kuongeza hapo. Ilikuwa sauti yake, na kile kithembe chake cha meno yaliyong'oka. Yeye mwenyewe aliisikia. Alinitazama usoni, kama ananiuliza yeye yuko wapi.

Nikamwambia Doto, mshike mdogo wako, mkae chini, mtu yeyote akiwaita kwa sauti yangu au ya mbinguni, msiende. Mpaka mnione kwa macho.

Halafu nikakaa makalio juu ya Lami, mimi na umri huu, nikaanza kushuka taratibu, visigino na viganja, kanga imefungwa usoni.

Nilikuwa namwita Kulwa. Haitiki.

Niliendelea kuita, na kila nikiita nilikuwa naogopa kwamba ataitika mwingine. Hakuna aliyeitika. Hilo nalo lilinitisha.

Nilimgusa kabla sijamwona. Alikuwa chini kidogo ya tumbo la jiwe, katikati ya ule mstari mweusi. Wadudu walimwingia machoni, akaachia kamba ajifute, dumu likageuka ubavu, mguu wake ukaingia kwenye ufa wa jiwe ukakwama. Amelala kifudifudi, amevuta gauni amejifunika uso wote, mdomo ameubana. Begani ana mchubuko, pale dumu tupu lilipomgonga likamruka.

Dumu tupu. Fikirieni lingekuwa na mtoto ndani. Lingemkuta mgongoni, mguu uko ufani. Na Shija lingemrusha upande ule wa kushoto, kwenye mwanya.

Nikautoa ule mguu. Ulikuwa umechubuka lakini haukuvunjika. Nikamfunika na kanga yangu, nikamwambia sikioni, kwa nini umesema nimefika?

Akatikisa kichwa.

"Hukusema?"

Akafungua mdomo kidogo tu, chini ya kanga. "Wadudu wangeingia, bibi. Halafu nitasemaje nimefika, na mimi sijafika?"

Tulipanda pamoja, mkono kwa mkono. Wingu lilikuwa linaondoka. Tulipofika juu nikageuka nikaangalia chini. Mpera unaonekana, mchanga unaonekana, ziwa limetulia vile vile. Dumu la njano halipo.

Mama Koku alimsafisha Kulwa kidonda. Nikamsimulia, na watoto wamekaa hapo wananisikiliza nisikosee.

Akasema, "Mwangwi, Mama Minza. Mawe."

Nikamwambia, "Mwangwi wa nani, mama, kama mtoto hakufungua mdomo?"

Akaendelea kufunga bandeji. Alifunga, akafungua, akafunga upya.  

Minza aliporudi na kusikia alitaka kuhama usiku huo huo. Tuligombana.

"Mama, wewe na sheria zako. Wangekaa ndani waangalie katuni."

"Na wakitoka ndani siku moja bila sheria?"

"Wewe mbishi."

"Na wewe umezaliwa na nani?"

Akawakumbatia wanawe mpaka wakalalamika kwamba anawabana.

Kesho yake asubuhi nilizunguka kwa njia ya chini, kupitia matete, nikatafute lile dumu. Nilidhani nitalikuta mdomoni mwa mwanya, au halipo.

Lilikuwa chini ya mpera. Limekaa vizuri, limeelekea juu ya jiwe, mahali pale pale wanaposimama waliofika. Kamba ya bluu imekunjwa imewekwa ndani.

Shija hajawahi kukunja kamba toka azaliwe.

Inawezekana mvuvi alipita akaliokota. Nalisema mwenyewe kabla hamjalisema. Niliwauliza wanaopita njia ile, kila mmoja akakana, lakini watu wanakana mengi. Nilitaka kulirudisha nyumbani, Shija akagoma. Akasema, "Hilo la yule sasa." Nikaliacha. Mpaka leo lipo.

Kuna waliouliza kwenye komenti kama nilikwenda kwa mtaalamu, yaani mganga. Sikwenda. Nilimwomba padri akapita akanyunyiza maji ya baraka, na mimi nikapita nyuma yake nikaweka matawi ya miiba juu ya Lami kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mambo yote mawili nayaamini, ila miiba ndiyo inayozuia mtoto.

Sasa wanaserereka kwenye jiwe dogo, upande wa mbele wa nyumba. Ni fupi, linaishia kwenye majani, halina mwanya, halina tumbo, ukiwa juu unaona mpaka mwisho. Wanalidharau, wanasema ni la watoto wachanga. Vizuri. Walidharau wakiwa wazima.

Na mimi sisimami tena juu. Nasimama chini, kama wale wazazi wa kwenye theluji. Kule juu kuna kelele na kusukumana, lakini mtoto anaumia chini. Nimevaa kanga nyekundu. Aliyeshuka akiondoka njiani naipunga. Wa juu asipoiona kwa macho yake, hashuki. Ukungu, wadudu, vumbi, giza kuingia, vyote hivyo maana yake ni kwamba huoni, na kama huoni, mchezo umekwisha, twende tukale.

Neno nimefika nimelifuta. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kulisema kwenye jiwe lolote. Nilikuwa nimewapa watoto wangu neno la kuwalinda, na neno lina mdomo mmoja tu wa kulisema vizuri na midomo mingi ya kuliiga.

Hilo ndilo somo langu, wakuu. Mwenye watoto huko kwenye mawe, au kwenye kilima cha mchanga, au wewe uliyeko ughaibuni kwenye theluji yenyewe, usimshushe mtoto kwa kusikia. Mshushe kwa kuona. Simama chini. Angalia kinachomsubiri mwisho wa njia kabla hujaangalia anavyofurahi mwanzoni.

Wanaojua mawe ya huku semeni na ninyi. Kuna mwingine aliyewahi kusikia? Kitangiri, Igogo, popote. Mnaotaka kuniambia ni mwangwi nambieni pia, sitagombana nanyi, ningependa sana uwe mwangwi. Ila mnieleze jinsi ulivyotangulia.

Maana bado upo. Jioni watoto wakiwa ndani wote, nimewahakiki kwa macho, tunakula ugali na dagaa, mara nyingine nyuma ya nyumba inapita shwaaa moja, taratibu, juu ya miiba. Halafu inasema lile neno. Siku hizi inasema kwa sauti ya mtu mzima. Watoto hawanyanyui vichwa. Shija huwa anasema tu, "Bado," anaendelea kutafuna.

Komenti zenu nyingine nitazisoma baadaye. Giza limeanza kuingia na mlango unagongwa. Ni sauti ya Minza, anasema mama fungua, nimefika.

Watoto wote watatu wameacha kula wananitazama.

Ngoja kwanza nikachungulie dirishani.